Mama, Hukusafiri Kwenda Usinge

Mama yangu,

Shikamoo. Marahaba yako haitarudi, najua, ila nimeshindwa kuanza bila hiyo.

Unakumbuka ulivyomfundisha mjukuu wako Kabula kusalimia kikwetu? Mmekaa mkekani mnamenya karanga, unamwambia "mwangaluka," naye anahangaika na midomo mpaka neno litoke: "Angaluka!" Watu walisema mtoto aliyezaliwa na kromosomu ya ziada hafundishiki. Ukawajibu, "Mimi nina muda. Ninyi mnawahi wapi?"

Siku tuliyokuzika kule Ntalikwa, Kabula tulimwacha kwa jirani. Kaka alisema, "Huyu hataelewa. Mwambie bibi kasafiri." Basi nikamwambia umepanda treni kwenda Usinge, utarudi kesho. Mimi huyu huyu, kwa mdomo wangu.

Tangu hapo, treni ikipiga honi tu, anabeba khanga yako anakimbilia stesheni. Mara ya tatu walimtoa relini. Nikanunua kufuli. Ufunguo nauvaa shingoni, genge langu la nyanya nimelifunga, kanisani siendi. Yeye ameegemea mlango, mimi namtazama yeye, mpaka jua lizame. Hasemi tena. Chakula anasukuma. Anajing'ata mkono. Kila siku ananyoosha kidole mlangoni, nami najibu, "Kesho."

"Zoea tu, Mama Kabula," jirani aliniambia, "hao ndivyo walivyo." Na kweli nilishaanza kuzoea.

Juzi kliniki nesi akauliza, "Alinyamaza tangu lini?"

"Tangu bibi yake afariki."

Akaweka kalamu chini. "Na yeye mlimwambia?"

"Nilimwambia kasafiri, atarudi kesho."

"Hiyo kromosomu haimzuii mtu kuhuzunika, mdogo wangu. Mtoto anasubiri."

Mama, nilimfungia mlango ili asikufuate mahali ambapo hupo.

Leo asubuhi nimemkalisha mkekani, nikamshika mikono. "Kabula, bibi amekufa. Hayuko Usinge."

Akageukia mlango. Kisha akatoa neno, la kwanza baada ya miezi: "Kesho?"

"Hapana, mwanangu. Wala kesho kutwa."

Alinipiga kifuani, nikamwacha anipige. Sasa analia, amejifunika khanga yako. Kufuli bado lipo mlangoni; sijui nitalitoa lini. Ila mchana tunapanda bajaji, tunakuja Ntalikwa.

Akikusalimia usipoitika, atanigeukia mimi. Nitamwitikia, Mama. Lakini sitajifanya ni wewe.

Pumzika.

Mwanao,
Mama Kabula