Nimempiga Picha Mama Mkwe, Sasa Nichague Programu Ipi?

Shangazi Pola, shikamoo. Mshauri wangu mpendwa, naomba msaada wako kabla sijaharibikiwa kabisa, maana hapa nilipo nimesimama karibu na soko la Malindi, nimevaa majaketi matatu katika jua hili, na sijui nivue lipi.

Mimi ni mwendeshaji wa bodaboda, kwetu ni Ganze, napeleka vyakula na vifurushi kwa watu kupitia programu za simu, nazo ni tatu, Fikisha, Mlangoni na Chapuchapu, na kila moja asubuhi yataka nijipige picha nikiwa na jaketi lake ndipo inipe kazi, kwa hiyo nayavaa yote, la kijani chini, jekundu katikati, la manjano juu, nikipata oda navua mpaka nifikie rangi inayotakiwa, na Dedan mwenzangu wa stejini ananiita kitunguu, lakini sijali, kazi ni kazi.

Taabu ilianzia mtaa wa Shella, hapa hapa Malindi. Fikisha waliniletea oda ya kuku na chipsi, jina la mteja herufi mbili tu, T.K., nikafuata ramani mpaka mlangoni, nikabisha, akatoka nani? Mama mkwe wangu! Alikuwa amehamia nyumba ile majuzi, Nyevu mke wangu aliniambia lakini siku hiyo nilikuwa nasikilizia simu. Kajifunga leso kifuani, liwa ya kulainisha ngozi imejaa usoni. Shangazi, wewe ni mtu wa huku, wajua kwetu mama mkwe humshiki mkono, humkazii macho, ukikutana naye njiani unapisha hata kama pembeni ni miiba. Nikataka kukimbia, lakini Fikisha haifungi oda mpaka mteja apigwe picha ameshika chakula, na uso uonekane, la sivyo unafungiwa kazi, basi nikafanya heshima niliyoiweza, nikafumba macho nikabonyeza.

Kumbe picha huenda yenyewe kwa aliyelipia, naye ni Thoya, shemeji yangu aliye Nairobi, alikuwa amemtumia mamake zawadi, akaitia kwenye kundi la ukoo la WhatsApp na kuuliza, "Huyu kwenye kioo cha dirisha si Ngowa?" Na kweli nilikuwa mimi, macho nimefumba, mdomo wazi, na mbele yangu mama wa watu na leso yake na paja la kuku.

Mama mkwe hatoki nje kwa aibu. Nyevu amechukua mtoto amekwenda kwa mamake, asema nilete wazee tuombe radhi. Jumapili akaniandikia, "Unakuja lini?" nikamjibu, "Niko njiani, dakika tano," ndivyo ninavyowajibu wateja wote, vidole vimezoea, na kweli nilikuwa natoka, ila Mlangoni wakaniletea oda ya Mtaliano mmoja, aiskrimu, nayo yayeyuka, nikaona niipeleke kwanza. Hajaniandikia tena. Nampenda Nyevu, Shangazi, hata chakula hakipiti.

Sasa nisaidie. Fikisha wana oda nyingi ila ndio hao wa picha. Mlangoni hawapigi picha, lakini lazima umwambie mteja uso kwa uso, "Furahia mlo wako, mpenzi," na akitokea mama mkwe tena itakuwaje? Chapuchapu wanataka nihamie Kilifi, nihudumie mahoteli ya Bofa, huko sina wakwe. Nichague ipi?

Ngowa, Malindi (jina la baba usilitaje).

SHANGAZI POLA AJIBU:

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka chai ikanipalia. Mara ya pili nimekasirika.

Hivi wewe una akili timamu? Mke kaondoka na mtoto, nawe waniuliza habari za majaketi! Simu ikikwambia umpige picha mama wa watu na leso kifuani, wapiga. Mkeo akikwambia mamake kahamia Shella, husikii. Ungemsikia, mlango ule usingeubisha.

Pole lakini. Najua kazi hiyo haina huruma, na waliotunga sheria ya picha wamekaa ofisini kwenye baridi ya mashine, hawajui mkwe ni nani wala aibu ni nini. Kwamba ulifumba macho kwa heshima, nakuamini. Hata mama mkwe wako ataamini akielezwa, ila siku zote hizo hakuna aliyekuja kumweleza. Kinachomuuma sasa si ile picha. Ni kwamba mkwe wake alimpa kuku akatokomea.

Na hilo la dakika tano, Ngowa! Mke anakuuliza kwa roho nzito, wamjibu kama aliyeagiza soda? Kisha aiskrimu ya Mzungu ikamshinda? Ingeyeyuka, angelamba maji yake, hangekufa.

Bofa usiende. Ukikimbilia Kilifi umewakimbia wakwe na mke pia. Programu shika moja tu, ile itakayokuruhusu kukataa oda bila kukufungia, na kama kati ya hizo tatu haimo, rudi stejini ubebe abiria kama zamani mpaka uipate. Oda za mtaa ule wa Shella mwachie Dedan. Yeye mama yule si mkwe wake.

Lakini hayo ni baadaye. Leo mpigie Thoya aifute ile picha, na awaombe wote kundini waifute. Kisha mtafute baba yako mdogo na mzee mwingine mmoja, wao wanajua cha kubeba na namna ya kuingia. Radhi usithubutu kuituma kwa oda, maana wewe nakuona unaweza. Vaa shati. Simu iache nyumbani, iite mpaka ichoke.

Mkifika, kwa mama mkwe inamisha kichwa, nyamaza, waache wazee waseme. Nyevu akitoka, muinulie macho. Yeye si mkwe wako, na nadhani ni muda mrefu mume wake hajamtazama.