Baba, Shiko Hatapanda Kamba Yako

Kwako Baba,

Jana dereva aliyekuwa akibeba hema lako alileta kifurushi kutoka Naivasha. Ndani mlikuwa na nguo ya kumetameta ya kumtosha binti yangu Shiko, na ujumbe kwamba unaanzisha sarakasi upya na unamtaka mjukuu wako. Shiko aliivaa papo hapo. Nikamvua, akalia.

Nakumbuka ulivyokuwa. Ukisimama Salgaa na lile koti lako la njano, madereva wa malori waliacha nyama mezani waje kukusikiliza. Ulinisimamisha mabegani mwako nikaamini hakuna mtu mrefu kunishinda Bonde la Ufa lote. Nilikuwa na furaha, Baba. Hilo sikatai.

Halafu Molo. Ukungu ulikuwa umeshuka, kamba ya mchezo wa Mama imelowa. Mama alikuambia mikono imekufa ganzi, hawezi kupanda. Ukamjibu kwamba watu hawakuja kuangalia ukungu. Akapanda. Alipoanguka nilisikia mfupa ukivunjika, na wewe ukashika maikrofoni: "Msiogope, hiyo ni sehemu ya mchezo."

Watu wakacheka. Na Mama, pale chini kwenye matope, akatabasamu, kwa sababu ndivyo ulivyomfundisha.

Ulikaa hospitalini mpaka akapata kitanda, kisha ukaenda na kundi Eldoret, eti matangazo yalikuwa yameshabandikwa. Hukurudi kuishi nasi tena. Mguu wa Mama uliunga vibaya. Mimi ndiye niliyeacha shule nikawa namwogesha mama yangu. Hasira hii nimekaa nayo mpaka imezoea nyumba.

Sasa nisikilize. Shiko hatapanda kamba yako. Usimpigie, usimtumie nguo. Akitaka kuruka ataruka hapa Nakuru, juu ya godoro, na mwalimu anayejua kusema "leo hapana".

Lakini kuna jambo linaniuma kuliko yote. Nilipomsomea Mama ujumbe wako, nilingoja akulaani. Nilitaka sana akulaani. Aliusogeza mguu wake karibu na jiko, kisha akauliza, "Na hii mvua yote, maji ya ziwa hayajaingia kwake huko Naivasha, pale Kihoto?"

Nilitoka nje nikaanza kufua nguo zilizokuwa safi.

Mpigie umjibu, Baba. Mpigie yeye, si mimi.

Ni mimi,
kifungua mimba wako