Namba Yangu kwa Wazee wa Sigino

Jumanne jioni, Babati

Na namba yenyewe ni yangu! Tangu asubuhi simu inalia: "Ndugu mkulima, mbegu zako zimefika, njoo uchukue." Jumbe thelathini na moja, zote zilizokusudiwa wazee wa Sigino.

Wiki nzima niliandika msimbo wa JavaScript wa kuhakiki namba za simu kwenye fomu ya kuandikisha wakulima: tarakimu kumi, ianze na sifuri, la sivyo fomu inakataa. Niliringa nayo. Kukataza namba moja kujirudia, sikufikiria. Kumbe Neema, rafiki yangu anayeandikisha wakulima, kila asiye na simu alimwekea namba yangu. Mvua imeanza na wazee hawana habari.

Nilimfuata mezani kwake nikifoka. Hakuinuka.

"Mfumo wako uliwakataa, Baba Joshua. Nilikuuliza, asiye na simu je? Ukaniambia nijaze yoyote, mradi ipite."

Yoyote! Ndiyo iwe yangu? Miaka yote hii tunakula meza moja, halafu...

Kesho napanda bodaboda hadi Sigino, nikawaamkie na kuwapa habari ya mbegu mmoja mmoja.

Kinachoniuma ni kwamba nakumbuka. Aliniuliza kweli, nami nilimjibu bila hata kuinua macho.