Nyumba ya Nyasi ya Mama Filister

Sori, Nyatike

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu za binti yako Kezia, aliyeolewa mbali na milima yenu lakini hajaisahau baridi yake. Goti lako linaendeleaje? Sisi ni wazima, na mjukuu wako ananyonya kama aliyetumwa. Barua hii nampa Ryoba, ambaye amekuja kununua omena, hawa dagaa wetu wa ziwani, akusomee wewe kwanza. Mambo mengine hayafai kwa simu, hasa ikiwa simu yenyewe hukaa mfukoni mwa Baba.

Mama, jua kama la mwaka huu sijaliona tangu nizaliwe. Omena tunaoanika juu ya nyavu hukauka upande mmoja kabla hatujamaliza kuwatandaza upande wa pili. Kuku wanatembea midomo wazi. Nyumba yetu ya mabati, ile mume wangu Cephas anayojivunia, ikifika saa sita inalia ta-ta-ta, na maji ya mtungi yanafaa kuoga tu. Nami nilikuwa na mimba kubwa na hofu kubwa zaidi, maana ile ya kwanza unajua ilivyotoka.

Kabla joto halijazidi, Cephas alileta mabati kutoka Migori amwezekee mama yake, Mama Filister. Huku mwana akimwezekea mama yake hutembea kifua mbele. Mama Filister alishukuru, akayapapasa, kisha akasema yaegemezwe nyuma ya ghala, yeye nyasi zinamtosha. Hakutoa sababu. Cephas alinuna, akasusia hata chakula chake. Wanawake wa ufuoni walimcheka, wakasema amezoea kuishi na mchwa. Yeye anaendelea kuchambua mboga zake.

Sasa nikwambie la siku ile uliyopiga simu ukaambiwa nimelala. Sikuwa nimelala. Nilikuwa nageuza omena mchana, kwa ubishi wangu uleule unaoujua, masikio yakaanza kuvuma, nikaanguka juu ya nyavu. Mama Filister, ambaye sijawahi kumwona akiharakisha hata mvua ikinyesha, alikimbia. Yeye na wanawake wenzake walinibeba hadi nyumbani kwake, wakanifunika leso zilizoloweshwa, wakaninywesha maji yenye chumvi na sukari. Mtoto alikuwa ameacha kucheza tumboni. Mama Filister aliweka kiganja pale, akaomba kwa Kijaluo, hakukiondoa mpaka mtoto akapiga teke. Muuguzi alipokuja alisema mwili uliishiwa maji, na nisilale tena chini ya mabati mpaka nijifungue.

Basi nikahamia kwake. Kwao mwana mwenye nyumba yake halali tena kwa mama yake, kwa hiyo Cephas alibaki kuokwa na mabati yake peke yake. Jioni alikuja kusimama mlangoni kunisalimia kama mchumba, amechana nywele. Nilicheka, Mama, na kicheko kilinisaidia. Ndani mle kulikuwa na ubaridi kama jikoni kwako asubuhi. Mtoto alizaliwa kliniki jua likiwa utosini, ndiyo maana akaitwa Achieng.

Juzi nilimwuliza Mama Filister kwa nini aliyakataa mabati. Aliendelea kumbembeleza mtoto, kisha akasema, "Mimi niliona wewe mapema, nyathina, mtoto wangu. Hata Cephas alikuwa hajajua. Nikasema hii jua inakuja, huyu msichana atalala wapi?"

Mama, wakati ule sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata wewe. Niliogopa nikiitaja mimba itatoka kama ya kwanza. Na huku kama kwetu, mimba haitangazwi na asiyeibeba. Kwa hiyo alinyamaza. Alivumilia kinyongo cha mwanawe na kicheko cha ufuo mzima ili asiiguse siri yangu. Nilipomwambia Cephas sababu hiyo, alikwenda kwa mama yake bila kuvaa viatu, akaomba chakula. Alipewa kiporo, akakila chote. Sasa anakata nyasi za kuongeza juu ya paa letu.

Njoo umwone Achieng. Najua huku mama halali kwa bintiye aliyeolewa, lakini usijali: Mama Filister ameshakuwekea mkeka kwake, upande unaopata upepo.

Wasalimie wote, na Mungu akulinde kwa ajili yangu. Nilipoolewa Baba alisema nikianguka huku ziwani hakuna atakayenishika. Mwambie nilianguka, na nilishikwa.

Ni mimi mwanao,
Kezia, mama Achieng