Swali la Papa Losala

Kabondo, mardi

Na bado nasikia kicheko chao. Mimi ndiye niliwachekesha.

Wiki jana kwenye réunion nilieleza plan yangu kama professeur: laptop zote za bureau zitapata système mpya, na kazi yetu yote itakaa ndani ya serveur moja, mashine kubwa inayotunza kazi ya wote. Papa Losala wa archives, mutunzaji wa makaratasi ya zamani, akauliza tu, "Na umeme ikikatika, mutoto yangu?"

"Papa, nitakununulia mushumaa!"

Bureau nzima ikapasuka. Yeye akainamisha kichwa.

Leo tulijaribu plan yangu. Umeme ikakatika, serveur ikazima. Laptop zetu ziliwaka na batterie, lakini ndani yake kazi hakuna. Papa peke yake aliendelea kuandika, kwenye mashine yake ya zamani ya kupiga chapa, isiyotaka umeme, ile ile niliandika kwenye plan kwamba itupwe. Akanisogezea. "Kaa hapa, petit, andika rapport yako."

Bon, fundi mukubwa wa Kisangani iko mimi! Papa angenicheka hata kidogo, ningelala.

Kesho, kabla chef hajasaini plan, nitauliza lile swali kwa sauti, mbele ya wote waliocheka. Na nitasema ni la nani.