Alethrini Jikoni Kwako

Malogo, rafiki yangu,

Kwa heshima na taadhima nakuarifu kwamba mende wa jikoni kwako, waliosalia, ni wazima. Mmoja amelala ndani ya kiatu changu.

Asubuhi ya mazishi nilitaka waombolezaji wakute jiko safi. Nikachukua bomba lako na kopo la ile dawa mpya mliyoletewa mabwana afya. Uliponieleza nilikuwa napiga miayo: kwamba si ua la pareto lililosagwa, ni pareto ya kuigiza, Wazungu wameitengeneza chupani, mkia wake mmoja wakaubadili, wakatia mfupi uitwao alili, na jina likatoka humo, alethrini. “Unasikia, we kichwa maji?” Nilisikia jina tu.

Nikapuliza. Mende wakaanguka chali kutoka paa la tembe kama mahindi yanayopukuchuliwa. Nikawajaza kikapuni, nikakiacha kando ya chungu cha mlenda, nikaja kukuzika nikijiona daktari.

Tuliporudi adhuhuri, mlenda ulikuwa unatembea. Mende walijikokota humo, utelezi ukining'inia miguuni. Kaka yako Mjelwa alikwisha tia tonge kinywani. Alitema mbele ya wazee. Mimi nilitapika, kwa hiyo simcheki sana.

Lakini kilichonitia kinyaa zaidi ni maneno yake. Alimgeukia mkeo: “Shemeji, vilivyokufa vinaamka jikoni mwako. Mdogo wangu ulimfanya nini?” Watu wakaanza kukunja mikeka. Nduwa amezika mume asubuhi, mchana anaitwa mchawi kwa ajili ya mende.

Ndipo nikakumbuka nusu ya pili ya somo lako: dawa hii huangusha upesi, lakini ikiwa kidogo mdudu huzinduka, kwa hiyo akianguka, mchome. Nikawaambia. Mjelwa akasema, “Wewe umezoea kuwapikia Wazungu chai.” Kweli, ndiyo kazi yangu. Basi nikapuliza mende wengine juu ya sinia mbele yao, tukangoja. Jua likashuka. Mmoja akachezesha mguu, kisha wengine. Niliwatazama wakijigeuza, Malogo, nikawachukia. Kwa nini wao, si wewe?

Wazee wakamwambia Mjelwa akae. Akakaa.

Nimewaandikia ndugu zako walioko Kibakwe kwamba aliomba radhi. Wewe nikwambie ilivyokuwa: hakuomba. Alisogelea nyama, akala akashiba, akaondoka bila kumuaga mkeo. Nduwa hakulia mbele yake. Aliwachoma mende mwenyewe, na harufu ile bado imo puani mwangu.

Pumzika, ndugu yangu. Mimi na mke wangu hatutoki hapa mpaka tuanue matanga. Na atakayemwita Nduwa jina lile tena, atanikuta mlangoni.

Wako,
Mlewa