Mawe ya Chokaa

Jumatatu, 3 Machi

Wageni wengi leo, mdomo umenikauka. Kilima hiki nimekisimulia mpaka nakichukia. Mabonde saba yanayoonekana kutoka kileleni (ni matano, Meneja ameongeza mawili), makaburi ya kale, kuta za mawe zinazoshika matuta tangu enzi za mababu. Halafu ile sehemu wanayoipenda zaidi: kila mgeni aokote jiwe njiani, akaliweke juu, kwenye Mnara wa Mababu. Ndiyo desturi yetu!

Desturi gani? Rundo lile alilianzisha Meneja mwenyewe mwaka juzi, siku alipokosa cha kuwaonyesha wageni. Mababu zetu walikuwa na kazi za kufanya.

Na njiani hakuna mawe ya kuokota. Mawe yako ukutani tu, kwenye ukuta wa tuta la juu. Chini yake ndipo ilipo nyumba ya Shangazi. Mgeni anachomoa moja, anatabasamu, anapanda nalo.

Shangazi ndiye aliyenilea mama alipofariki. Ana goti bovu na ulimi wa pilipili. Jioni nimemkuta mlangoni, amekalia ndoo. Akauliza leo nimewagawia watu ukuta wake kiasi gani. Nikamwambia aache maneno. Akasema masika ikija, ukuta ukilegea, shukrani zangu zitamfuata mpaka kitandani.

Jumatano, 5 Machi

Shangazi kapata akili mpya — anapaka mawe chokaa! Kila mtu ajue yana mwenyewe, asiguse. Kakaa chini na kopo na brashi iliyobaki manyoya machache, goti kalinyoosha mbele kama gogo. Safu za juu hazifikii. Kapaka za chini tu.

Nimepita na kundi, nikajifanya simjui. Akaniita kwa jina langu la utotoni, lile la aibu, mbele ya watu wote. Mzee huyu!

Ijumaa, 7 Machi

Nimecheka mpaka machozi, halafu nikajichukia.

Meupe ndiyo yanayokwenda haraka zaidi! Yanapendeza kwenye picha. Mama mmoja amevunja kucha akichokonoa jeupe, na hapo juu yake mawe ya kawaida tele. Zamani walau walichukua ya juu. Sasa wanachomoa ya chini, yanayobeba mengine.

Nimemwambia Meneja. Nimemwambia wazi: ukuta unachimbwa miguu, chini yake kalala mtu. Akasema nimepiga chuku. Akasema Mnara ukiwa na nyeupe nyeupe unaonekana vizuri hata kutoka barabarani.

Jumapili, 9 Machi

Shangazi amepanda juu na kapu. Kwa goti lile! Mlinzi wa getini ndiye aliyenong'oneza. Jua likielekea kuzama, wageni wameondoka, anajikongoja kileleni, anachagua meupe yake, anashuka nayo kwa makalio pale penye mteremko mkali. Anayarudisha. Kesho yake wageni wanayachukua tena.

Meneja kapata habari. Kaniita ofisini, kafunga mlango. Mnara sasa ni urithi, kasema, na anayechukua kitu cha urithi ni mwizi, awe nani awe nani. Kasema kibarua changu kitaota nyasi nisipomkomesha "yule bibi."

Yule bibi. Kama hajui ni nani wangu.

Jumanne, 11 Machi

Nimeifanya.

Kundi la mwisho lilichelewa. Tulifika kileleni Shangazi yuko pale pale, kapu nusu, jiwe mkononi. Meneja nyuma yangu. Wageni wametoa macho. Mmoja akauliza huyu mama anafanya nini.

Nikasema, kwa ile sauti yangu ya kazini: "Huyu ni mwizi wa mawe. Wapo wachache, tunapambana nao." Nikamnyang'anya kapu. Nikamwaga mawe miguuni pake.

Wakapiga picha. Shangazi na goti lile! Ameshuka peke yake, ameshika nyasi kila hatua. Meneja kanipigapiga begani. Bega lile nimelisugua kwa sabuni.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua imeanza. Shangazi hanifungulii mlango. Nimesikia anatembea ndani, nimebisha tena, kazima redio ili nisikie vizuri kwamba yumo.

Jumamosi, 15 Machi

Ukuta umetoa kitambi. Si maneno ya kutia chumvi, umevimba katikati, na maji yanachuruzika kwenye matundu ya chini. Mlinzi wa getini kauona, kashika kichwa.

Leo Shangazi kanifungulia. Yuko kitandani, goti limejaa kama boga. Kitanda kile kile tulicholala wawili nilipokuwa mdogo. Upande wa ukutani, unaotazama kilima, una unyevu na baridi. Ulikuwa wake. Mimi alinilaza upande wa mlangoni, penye joto, na nikijikunyata usiku alinifunika hata kichwa. Nimeuona mto wake bado uko upande ule wa ukutani.

Nimembembeleza ahamie kwangu. Nimelia. Kasema sawa, atahama. Nikadhani nimesikia vibaya.

"Ila uliniita mwizi mbele ya wageni," kasema. "Nisafishe mbele ya wageni. Nikikusikia kwa masikio yangu, natoka kwa miguu yangu. Usiponisafisha, watanitoa kwa sepetu."

Nimeapa. Jumatatu wanakuja wageni wakubwa, wale wa kuamua kama kilima kiingie kwenye urithi wa dunia. Tutapita dirishani pake. Nitasema.

Nimekwenda kwa Meneja, nikamwomba aseme yeye, mambo yaishe. "Nimwombe radhi mwizi? Jumatatu?" Akaendelea kujaribu tai kwenye kioo.

Jumatatu, 17 Machi

Naandika nimekaa sakafuni kwa Shangazi. Mchana huu huu. Mvua inapiga bati, hata mawazo yangu siyasikii. Nianze asubuhi.

Wageni walikuja na makoti ya mvua ya rangi moja. Meneja alinigandama kama kupe. Tulipofika kwa Shangazi dirisha lilikuwa wazi. Ameketi pale. Gauni la bluu, lile la harusi za watu. Kilemba kimefungwa vizuri. Furushi mapajani. Yuko tayari kuondoka! Ananisubiri mimi tu, niseme maneno mawili.

Nikafungua mdomo. Meneja akakohoa.

Nikasema: "Na huyu ni mmoja wa wenyeji wetu."

Wageni wakampungia mkono. Yeye hakupunga. Alifunga dirisha taratibu, na komeo nikalisikia likiingia.

Nikapanda. Mdomo ulikuwa unasimulia wenyewe, mabonde saba, enzi za mababu. Nilikuwa najiambia nitasema tukishuka. Tukishuka! Kileleni mvua ikakaza, tukajibana kibandani. Wageni wawili walikuwa wamebaki nyuma. Wakatokea kwenye ukungu wamebeba jiwe kati yao, wanahema, wanacheka. Kubwa kama mto wa kulalia. Upande mmoja chokaa.

Mmoja akaeleza kwa fahari kwamba lilikuwa chini kabisa, pembeni, limetokeza kidogo tu, ilibidi walichokoe kwa mti. Meneja akapiga makofi. Akanipa kamera niwapige picha na jiwe lao.

Nikawapiga. Mbili. Kwa nini niliwapiga? Halafu nikaitupa kamera kwenye tope nikakimbia. Nimemsikia Meneja akiniita mpaka sauti yake ikamezwa na mvua.

Ukuta haujaanguka. Pembe ya chini kuna shimo, maji mekundu yanatoka humo kwa nguvu. Nimegonga mlango, Shangazi kasema uko wazi. Amerudi kitandani na gauni lake la bluu, furushi kalilalia kichwa.

Nimepiga magoti. Nimesema yote: si mwizi, hakuwahi kuwa mwizi, wezi ni sisi, mawe yake, ukuta wake, mimi ndiye mwongo na mwoga. Nimepiga kelele hata koo likauma.

Kanisikiliza mpaka mwisho. "Nani kakusikia?" kasema.

Nimemvuta. Kashika mbao za kitanda. Nimemvuta tena — kaning'ata! Mkono unatoka damu, naandika nao. Mlinzi wa getini kachungulia, kaona tulivyo, kakimbia kutafuta wanaume wa kumbeba. Mpaka wavuke bonde na utelezi huu, sijui.

Vijiwe vimeanza kudondoka batini. Kimoja. Kimya. Viwili. Nimemwambia sikia hivyo. Kasema anasikia tangu Jumamosi, mwenye masikio ya kusikia kazi tu ni mimi.

Siondoki. Nimemwambia siondoki bila yeye. Kauliza naandika nini. Nikasema ninaandika kwamba hukuiba.

"Andika na tarehe," kasema.

Nimemwonyesha kwamba ipo.

Hapo ndipo akajisogeza, polepole kwa ajili ya goti, mpaka upande wa mlangoni. Kaupigapiga kwa mkono ule upande mwingine, wa ukutani.

"Njoo ulale," kasema. "Huko nimelala miaka yote. Leo zamu yako."

Bati linalia tena, sasa mfululizo. Nimevua viatu vya kazi.